Mapacha wa Halmashauri

Jumanne, 4 Machi

Niliomba Kamati ya Barabara, nimepewa Kamati ya Ustawi na Ulinzi wa Wazee. Barabara ya mtaani kwangu ina mashimo ambayo bata wanaogelea, na ni mashimo hayo yaliyonipa udiwani. Sasa wapiga kura nitawaambia nini? Wazeeke haraka ili niwahudumie?

Baba Pacha alikuwa ameinamia saa ya mteja, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Nilipomaliza kulalamika akasema, "Ndicho kitambaa ulichopewa, Mama Pacha. Kishone hichohicho." Mume wa fundi cherehani anadhani kila kitu kinashoneka.

Mvua bado. Joto si la nchi hii.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha kwanza. Halmashauri ina nyumba tatu za wazee: moja kilimani, inaitwa Nyumba ya Juu, ya pili chini kule, Bondeni, ya tatu nyuma ya reli, Stesheni. Zote tatu ziko chini ya Afisa Ustawi mmoja, kijana mwenye mwavuli mrefu na ulimi laini. Ukimuuliza swali anakushukuru kwanza kwa swali, na akimaliza kukushukuru umeshalisahau.

Mwenyekiti wetu ana duka la vifaa vya ujenzi. Sifa yake kubwa ya kusimamia wazee ni kwamba yeye mwenyewe anaelekea huko. Tumekubaliana kuzitembelea nyumba zote masika haya. Afisa ameomba apewe taarifa mapema, "ili wazee wetu wasishtuke." Nikaona ni mtu mwenye huruma.

Jumanne, 11 Machi

Nyumba ya Juu. Harufu ya rangi mbichi, nyama jikoni, na kila kitanda kina shuka jeupe lenye alama za kukunjwa. Mwenyekiti alizunguka akigonga kuta na kutazama mabati. Wazee walikuwa wamekaa kwenye benchi, wamebanana kama watoto wanaosubiri kupigwa picha.

Nikamuuliza bibi mmoja aliyekuwa mwisho wa benchi, "Bibi, mnaishije hapa?"

Akafungua kinywa. Afisa akasema, "Sasa, waheshimiwa, tumsikilize mwakilishi wa wazee." Bibi akafunga kinywa.

Akasimama mzee mrefu, mwembamba, mwenye pengo mbele, na sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. Nikaja kuambiwa kwamba enzi zake alikuwa mshereheshaji wa harusi. "Waheshimiwa! Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mkono wa halmashauri hii, mimi nimeulamba mpaka kiwikoni!" Watu wakapiga makofi. Akatushukuru kwa paa, kwa uji, kwa hewa. Akaishukuru serikali kwa jua. Alipofika kwa "mama yetu mheshimiwa mpya, aliyekuja na baraka za mvua", na kweli wingu lilikuwa limeanza kutanda, nikashindwa kujizuia. Nimelia mbele ya kamati siku ya kwanza ya kazi. Nimempa jina: Mzee Shukrani.

Jumanne, 18 Machi

Mvua imeanza. Viatu vyangu vya kikao vimefia kwenye shimo ambalo ningelifukia kama ningepewa Barabara.

Alhamisi, 20 Machi

Leo imenipata furaha ya ajabu.

Tulikwenda Bondeni. Rangi mbichi, nyama, shuka jeupe, benchi. Afisa akasema tumsikilize mwakilishi wa wazee, na aliyesimama alikuwa Mzee Shukrani! Nikasema kwa sauti, "Mzee wangu! Umetutangulia kwa njia gani?"

Mpishi akajifunika uso kwa aproni, mabega yakimtikisika. Nadhani alikuwa na kikohozi. Afisa akanishukuru kwa swali, akaufungua mwavuli ndani ya nyumba, akaufunga, kisha akasema, "Mheshimiwa, huyu... huyu ni pacha wake."

Pacha! Nikamkumbatia. Mimi nilizaa mapacha, nikawanyonyesha kwa zamu, nikawavumilia mpaka wote wawili wakawa wahasibu. Mtu mwingine angesema wanafanana kama shilingi kwa ya pili, lakini jicho la mzazi wa mapacha halidanganyiki. Huyu wa Bondeni ni mfupi kidogo, na ana unyenyekevu ambao mwenzake hana. Nikawaeleza kamati. Mwenyekiti akamtazama mzee kama anavyotazama bati, akasema tofauti anaiona.

Nyumbani, Baba Pacha akaniuliza, "Wote wawili wazee, wote washereheshaji, na wote wana pengo mahali pamoja?"

"Baba Pacha, mwenye mapacha ni mimi. Mimi ndiye niliyewabeba."

"Na mimi nilikuwa mpita njia?"

Wivu wa wanaume ni kitu cha kuhurumia.

Jumanne, 25 Machi

Nimeshona mashati mawili ya mikono mirefu, kitambaa kizito, maana baridi ya masika haina adabu kwa wazee. La buluu kwa wa Juu, la kahawia kwa wa Bondeni, ili wahudumu wasiwachanganye. Vipimo nimekisia kwa macho. Ukimkisia pacha mmoja umewakisia wawili.

Alhamisi, 27 Machi

Nimempelekea wa Juu shati lake. Akalipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akalivaa palepale. Nikamuuliza kwa nini yeye na ndugu yake wanakaa nyumba mbalimbali. Mzee akamtazama Afisa. Afisa akautazama mwavuli.

"Tuligombana, mwanangu," mzee akasema.

"Mligombana nini?"

"Redio." Akavuta pumzi, na nikaona jinsi maumivu yalivyokuwa mbali ndani yake. "Yeye alitaka taarifa ya habari. Mimi nikataka muziki. Neno kwa neno, kitufe kikang'oka. Tangu siku hiyo hatujaonana uso kwa uso." Akajifuta machozi kwa mkono wa shati jipya.

Nimeapa kuwapatanisha. Kamati yetu ni ya ulinzi wa wazee, na kuacha ndugu wawili wafe bila kusemezana kwa sababu ya kitufe ni kutowalinda. Afisa alijaribu kunishukuru kwa wazo, lakini ulimi ulimkauka.

Jumanne, 1 Aprili

Bondeni, na shati la kahawia. Nikamwambia ndugu yake anamsalimu. Hakuwa amemsalimu, lakini mpatanishi ana ruhusa.

Akafikiri. "Mwambie nimemsamehe. Ila redio ilikuwa yangu."

Huyu nampenda zaidi. Wa Juu ana majivuno, tena anapenda kusikilizwa. Huyu anasema kidogo, na anakohoa kwa upole.

Alhamisi, 3 Aprili

Mapatano yameahirishwa. Wa Bondeni ana mafua.

Jumanne, 8 Aprili

Mapatano yameahirishwa. Gari la halmashauri limekwama kwenye tope. Nimemwambia Mwenyekiti wa Kamati ya Barabara maneno ambayo siyaandiki hapa.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekwenda Juu na keki. Wa Juu alikuwepo, amevaa buluu, lakini wa Bondeni hakuonekana. Afisa akafika amelowa, mwavuli mkononi haujafunguliwa, akasema amekwenda kumchukua, kumbe mzee ameshatoka kwa miguu kuja huku. Wamepishana.

"Kwa njia ipi? Njia si ni moja?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Asante kwa swali."

Tulingoja mpaka chai ikapoa. Wa Juu alikula nusu yake ya keki, akaitazama nusu ya mwenzake, akasema kwa unyonge kwamba angependa ampelekee mwenyewe. Nikamfungia kwenye leso. Nimerudi nyumbani nimelowa lakini nina tumaini: mtu akikubali kumbebea ndugu yake keki, moyo umeshalegea.

Jumanne, 15 Aprili

Sijui niandikeje ya leo.

Stesheni. Rangi, nyama, shuka, benchi. Nikakaa mstari wa mbele. Afisa hakutamka lolote kuhusu mwakilishi wa wazee, Mwenyekiti ndiye aliyeuliza, "Vipi, leo hakuna neno la shukrani?" Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Mzee Shukrani, bila shati la buluu wala la kahawia, amevaa fulana iliyochanika begani.

Kamati nzima ikageuka kunitazama mimi, mtaalamu.

Afisa akasema kwa sauti ndogo sana, "Walizaliwa watatu."

"Watatu!" Mwenyekiti akaacha kugonga ukuta. "Mama yao alikuwa jasiri!"

Nitasema kweli, kwa kuwa hapa najiandikia mwenyewe. Kuna kitu kilinichoma, kama sindano iliyosahaulika kwenye pindo. Nikamtazama yule mzee, naye akanitazama, kisha akainamisha macho. Lakini nilikuwa nimeshawaeleza madiwani wote habari za mapacha, nimeshawaeleza wateja, nimewaeleza hata wauza mboga sokoni. Mtu akishasema wawili mbele ya watu wote hao, ni rahisi kuongeza wa tatu kuliko kuwaondoa wawili. Tena mkunga wangu aliwahi kuniambia kwamba watatu huzaliwa. Nikasimama nikampa mkono. Nikasema nilikuwa nimehisi tangu mwanzo kwamba kuna mmoja anayekosekana.

Nilipomsimulia Baba Pacha, alicheka mpaka kioo chake kikadondokea kwenye mchuzi. "Njia ya mwongo ni fupi, mke wangu," akasema akikitafuta kwa kijiko, "lakini hii naona inakwenda mpaka stesheni."

Nimemnunia.

Alhamisi, 17 Aprili

Shati la kijani limekamilika, limepelekwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Ushindi! Baraza zima la madiwani limepitisha hoja yangu: ndugu watatu wakutanishwe na kulazwa chini ya paa moja kabla ya mwisho wa masika. Nilizungumza bila karatasi. Nilisema halmashauri inayotenganisha waliolala tumbo moja haina haki ya kujiita mlezi. Hata Mwenyekiti wa Kamati ya Barabara alipiga meza.

Afisa alikuwa amekaa nyuma. Hakunishukuru kwa lolote.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua haijapumua tangu juzi. Binti yangu, yule aliyetangulia, amepiga simu: "Mama, hao mapacha watatu ni kweli? Huku ofisini watu wananiuliza wananicheka." Nikamwambia awaulize hao wanaocheka wamezaa wangapi.

Ijumaa, 2 Mei

Msiba. Afisa amepiga simu asubuhi: yule wa Bondeni amefariki. Mpole wangu. Nikauliza maziko ni lini, akasema walishamzika jana, kwa sababu ya mvua.

Nimelia mpaka mteja aliyekuja kupunguza sketi akalia na mimi. Amekufa kabla ya mapatano, kabla ya kuonana na nduguze, na ile keki sijui kama ilimfikia.

Baba Pacha safari hii hakucheka. Aliweka chini bisibisi yake. "Nani alimzika?"

"Si wahudumu!"

"Wewe ni diwani wa ulinzi wa wazee. Mzee anakufa, anazikwa, na wewe unaambiwa kesho yake?"

Nikamwambia maneno makali. Niliyasema kwa sauti ya juu kwa sababu swali lake lilikuwa zuri.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda Juu kutoa pole. Sikumtaarifu mtu, mwenye msiba hapigiwi simu aandae nyama.

Sikuijua nyumba ile. Shuka jeupe hakuna hata moja, magodoro yako wazi, yamechoka katikati. Paa linavuja mahali pengi, na wazee wamejipangia ndoo na sufuria chini ya matone, kila mmoja na lake, wakizimwaga kwa zamu. Mhudumu alikuwa mmoja, mama mnene anayekimbia huku na huku. Nikamwambia nimekuja kumpa pole mfiwa. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Haya, Mheshimiwa. Twende ukamwone mwenyewe."

Akanipeleka stoo. Humo ndimo yalimo mashuka ya wageni, yamepangwa juu ya rafu na kufunikwa plastiki. Chini yake, juu ya magunia matupu, alikuwa amekaa mzee, kajikunyata, anatetemeka. Amevaa shati la kijani.

Nikafikiri: maskini, wa Stesheni amekuja kwenye msiba wa nduguye. Nikapiga magoti. "Mzee wangu, pole sana. Mungu amlaze mahali pema."

Akaanza kusimama, mazoea ni mazoea. "Mheshimiwa, ndugu yetu alikuwa mtu wa watu. Hakuwahi kumkosea mtu, isipokuwa kwa redio..." Kikohozi kikamkamata. Kilikuwa kikohozi kibaya, kinatoka chini kabisa. Akaanguka tena kwenye magunia, macho yakamtoka. Nikamfungua vifungo vya shingoni apate hewa.

Chini ya kijani kulikuwa na kahawia. Nikafungua la kahawia, na chini yake kulikuwa na buluu. Mashati yangu yote matatu, mshono wangu ule wa mara mbili kwenye kola.

Nikakaa chini, kwenye sakafu yenye maji, na sketi yangu ya baraza. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilikuwa na hasira, nikatafuta wa kumkasirikia, na kila niliyemfikiria nilimkuta nimesimama karibu naye.

"Mzee," nikasema, "wewe ni wangapi?"

"Mmoja, mwanangu." Akajikohoza. "Na hata huyo mmoja hana pa kulala."

Akanisimulia. Alikuja mwaka jana, baada ya chumba alichopanga kubomolewa. Vitanda vilijaa, akaambiwa asubiri pale mapokezi. Siku hiyo wakaja wageni, mwakilishi wa wazee akatangazwa anaumwa ghafla, maana alikuwa amepanga kuwaeleza wageni habari za paa. Basi mzee wangu, ambaye alikuwa hajamaliza hata saa moja ndani ya nyumba ile, akasimama akashukuru. Tangu hapo hafukuzwi na hapokelewi. Juu wanasema ni wa Bondeni, Bondeni wanasema ni wa Stesheni, na Stesheni humrudisha Juu. Panapokuwa na ugeni ananyolewa, anakula nyama, anasema. Wageni wakiondoka, anarudi kwenye magunia ya nyumba yoyote aliyopo.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akajaribu kucheka. "Mwenyeji ndiye nilikuwa naigiza."

"Kwa nini hukuniambia? Nilikuwa mbele yako!"

"Ungenipenda?" Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Ulinipenda watatu, mwanangu. Mmoja nani angemshonea shati?"

Nililia, na sasa nikiandika nalia tena.

Nikamwita mwenye teksi, tukampeleka hospitali. Muuguzi akauliza mgonjwa anatoka nyumba gani. Nikapiga simu Juu: si wetu, ni wa Bondeni. Nikapiga Bondeni: wa kwetu ameshafariki, Mheshimiwa, poleni. Stesheni wakasema wa kwao yuko Juu, msibani.

"Basi mimi ni marehemu wa wapi?" mzee akauliza kutoka kwenye kiti cha magurudumu.

"Andika ni wangu," nikamwambia muuguzi.

"Wewe ni nani wake?"

"Diwani wake."

"Hapa hakuna nafasi ya diwani. Kuna mke, mtoto, ndugu."

"Andika binti."

Muuguzi akaandika. Ni nimonia, lakini wamesema tumewahi.

Alhamisi, 8 Mei

Afisa amekuja nyumbani, amesimama mlangoni na mwavuli unaochuruzika. Baba Pacha akamkaribisha kiti, akarudi kwenye saa zake, lakini nilimwona hazigusi.

"Mheshimiwa, tukisema ukweli, atakayechekwa ni wewe. Hoja ni yako, hotuba ni yako. Naomba tumwache marehemu apumzike. Hao wawili waliobaki nitawatafutia namna."

"Wawili wapi? Unaendelea kuhesabu?"

Akainama. Kisha akasema bila ulimi laini, "Ningemfukuza angekwenda wapi? Vitanda vimejaa, kila mwaka naomba, kila mwaka mnaniuliza tu kama chakula kinatosha. Nikaona huyu anasema vizuri, basi angalau nina sababu ya kutomtoa." Na machozi yakamtoka, kijana mzima. Miezi hii yote nilidhani ni mjanja. Ni mtu mwoga aliyedanganya mara moja, halafu mimi nikamsukuma mpaka akamuua mtu asiyekuwepo.

Nilishawishika, sitaficha. Niliona vicheko vya baraza zima, nikaona uchaguzi. Alipoondoka nikamuuliza Baba Pacha anaonaje.

"Watakucheka sana," akasema. "Mimi mwenyewe nitakucheka. Lakini nitakucheka ukiwa mke wangu yuleyule."

Jumanne, 13 Mei

Nilisimama.

"Naomba kuondoa hoja yangu ya ndugu watatu," nikasema, "kwa sababu ndugu hao ni mtu mmoja."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mwenyekiti wa Kamati ya Barabara alipiga meza mpaka glasi ikaanguka. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Na yule marehemu?"

"Marehemu yuko hospitali, wodi ya wanaume. Anaendelea vizuri."

Wakaanza upya. Mwenyekiti wangu alikuwa anajipepea kwa ajenda. Nikangoja, wapi; basi nikapaza sauti ninayowapazia watoto wa mtaani wanaochezea cherehani yangu.

"Chekeni! Nimewashonea mashati watu ambao hawapo, nina haki ya kuchekwa. Lakini semeni, nani hapa amewahi kutembelea nyumba zile asimsikie mzee yule? Hata ninyi wa Barabara mmekwenda, mmekula nyama yao. Tumekwenda kote tukamsikia mtu mmoja, anatushukuru kwa paa. Na mtu huyo ndiye pekee ambaye hana paa! Wenye kulala chini ya yale mabati hatukuwauliza. Bibi wa watu alifungua kinywa mbele yangu, nikaacha kifungwe."

Hapo Mwenyekiti wangu akaacha kujipepea. Sikuona fahari. Niliona haya, na nikaona haya zimegawanyika vizuri ukumbini.

Imepitishwa kwamba kamati itembelee bila taarifa, na izungumze na wazee bila afisa yeyote kuwepo. Mwenyekiti, bila kuombwa, ametoa mabati kutoka dukani kwake. Afisa amepewa onyo kali, na agizo la kumpatia mzee kitanda. Amekipata siku hiyohiyo. Kilikuwa ofisini kwake, kimebeba mafaili.

Jumanne, 20 Mei

Manyunyu. Nimekaa na yule bibi wa benchi. Nilimuuliza swali moja, akazungumza mpaka kalamu yangu ikaisha wino. Mengine yananipasa kuyafuatilia kesho asubuhi, kabla ya kufungua duka langu la ushonaji.

Jumanne, 27 Mei

Leo kamati imekwenda Juu ghafla. Mafundi walikuwa juu ya paa. Mzee wetu ametoka hospitali, amepewa kitanda cha dirishani, na alikuwa amekaa juu yake, mgongo umenyooka, amefunika miguu kwa blanketi. Afisa alikuwepo kwa ajili ya mafundi, akawa anatukwepa kwa adabu.

Mwenyekiti, kwa mazoea, akasema, "Mzee, tupe basi neno la shukrani."

"Shukrani nimeacha," mzee akasema. "Nina malalamiko."

Wazee wote wakageuka. Akaanza, kwa sauti ileile ya harusi. Uji ni mwepesi, ukiutazama unajiona. Dirisha halifungi. Mafundi wanaimba vibaya. Na huyu jirani yake wa kitanda cha pili anakoroma. Halali mtu, na jambo hili linataka hatua za haraka za serikali. Nilikuwa naandika, na kwa furaha niliyokuwa nayo mwandiko ulikuwa hausomeki.

Afisa, maskini, akaona nafasi ya kujirekebisha. Akasogea mbele. "Mzee wangu, hilo dogo. Bondeni kuna chumba tulivu kimepatikana. Naweza kukuhamisha leo hii, gari liko nje."

Mzee akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Sura ilimbadilika, sikuwahi kumwona na hofu, hata siku ile stoo.

"Nihame mimi?" akasema. "Ahame yeye! Mimi hapa ni kwangu!"

"Na mimi ni kwangu!" jirani akajibu, akijiinua kwenye mto.

Wakaanza kugombana, na mkono wa mzee haukuachia kile chuma. Mwenyekiti akaniinamia, akanong'ona, aingilie kati au vipi? Nikamwambia awaache. Tukasimama pale, kamati nzima, tukiwasikiliza.